Dada wa Nuhu

Kwaru. Kwaru, kwaru.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama ya panya anayekwangua ukoko wa sufuria, lakini Zawena aliisikia kupitia ukuta, kupitia usingizi, kupitia mvumo wa treni ya sumaku iliyokuwa ikipita juu ya mapaa ya Nzuguni kuelekea Manyoni. Kabla macho hayajafunguka vizuri, miguu yake ilikwisha kugusa sakafu.

Chumbani kwa watoto giza lilikuwa limeingiwa na rangi ya buluu. Shuka-hisi lilikuwa limeamka. Lilifumwa kwa nyuzi zenye kusikia. Kila kucha ilipogusa ngozi, nyuzi za mahali pale ziliwaka, zikapuliza ukungu wa baridi, kisha shuka likahesabu kwa sauti ya upole, kama ya mtangazaji wa hali ya hewa.

"Mikuno mia mbili na kumi na tatu. Tafadhali, msaidie mtoto."

"Kwani tunafanya nini? Hebu nyamaza na wewe," sauti nyingine ililijibu gizani.

Alikuwa Tunu, binti wa miaka tisa, amekaa kitako kwenye kitanda cha mdogo wake. Kwa mkono mmoja alivibana viganja vyote viwili vya Nuhu. Kwa mkono mwingine alikuwa akimpitishia mgongoni kijiko alichokitoa kwenye jokofu. Kijiko kile kilikuwa uvumbuzi wake mwenyewe. Hakina kucha, alimweleza mama yake siku ya kwanza, kwa hiyo hakiwezi kumchana.

"Hapo," Nuhu alilia. "Siyo hapo. Chini. Chini ya hapo."

"Mzee, ukiniagiza tena kama mfanyakazi wako, nakupeleka jikoni ukaoshwe na vyombo."

Nuhu alicheka kidogo, kicheko kikakatikia njiani, akaanza kulia upya. Alikuwa na miaka minne. Hakuwa na usiku hata mmoja anaoukumbuka aliolala mpaka asubuhi, na Zawena alipojaribu kuukumbuka usiku wa namna hiyo, yeye pia hakuupata.

Aliwasha taa ndogo. Nyuma ya magoti ngozi ya mtoto ilikuwa imepasuka na kutoa majimaji. Shingoni ilikuwa imekakamaa na kuwa nyeusi kama soli ya kandambili. Kwenye mto kulikuwa na vitone vya damu. Watu wa mtaani waliuita ugonjwa ule pumu ya ngozi. Hospitalini waliuita ukurutu. Nuhu mwenyewe aliuita "wale", kana kwamba ni watu waliokuwa na ufunguo wa nyumba.

"Mama, wale wamekuja tena."

"Najua, baba. Kesho tunakwenda kwenye ile mashine."

"Itauma?"

"Haiumi," Tunu alidakia. "Na mimi nitakuwepo. Wananitaka mimi, si ndiyo, Mama? Bila mimi haifanyi kazi."

"Bila wewe haifanyi kazi," Zawena alisema, na akageuka kuzima taa ili mtoto asiuone uso wake.

*

Mashine yenyewe iliitwa Msomanasaba. Ilikuwa kwenye Kituo cha Ngozi Mpya, jengo jeupe nje kidogo ya Dodoma, na kazi yake ilikuwa kusoma jeni za mtu kwa muda ule ambao mtu angetumia kunywa kikombe cha chai. Zawena aliielewa kuliko wazazi wengi waliokaa naye kwenye foleni. Mchana alitengeneza roboti za kuzoa taka. Jioni, mara tatu kwa wiki, alisoma baiolojia kwenye darasa la watu wazima, akisinzia na kuamka, daftari lake limejaa mistari iliyopinda kwa usingizi. Humo aliandika kwamba jeni ni kama sentensi ndani ya mwili: hii inasema jenga ukuta, ile inasema weka mlinzi. Ukurutu, pumu ya kifua, mafua ya vumbi, mwalimu aliwaambia, ni ndugu wa nyumba moja. Wote wanatokana na ukuta wenye ufa, au na mlinzi anayepiga yowe la mwizi hata anapoona kivuli chake.

Tatizo lilikuwa kwamba Msomanasaba ilifundishwa kusoma kwa ngozi za watu wa nchi za mbali. Kwa wengi wao ufa ulikuwa mahali pamoja panapojulikana, kwenye sentensi ya ukuta. Kwa Nuhu sentensi hiyo ilikuwa nzima. Ufa wake ulikuwa kwingine, kati ya maelfu ya tofauti ndogondogo, na ili kuupata mashine ilihitaji kumlinganisha na ndugu yake mwenye ngozi nzima. Ukishapatikana, mtambo wa pili ungeandika sentensi iliyo sahihi ndani ya seli za ngozi yake, kiraka kwa kiraka.

Miezi mitatu nyuma mashine ilikuwa imepiga simu kumsajili. "Mgonjwa ana kaka au dada?" iliuliza. Zawena akajibu, "Ana dada." Ikauliza, "Umezaa watoto wangapi?" Tunu alikuwa amekaa pembeni yake akimenya viazi, masikio wazi. Zawena akajibu, "Nina wawili."

"Shikamoo, daktari," Zawena alisema sasa, wakiwa wamefika kituoni.

"Marahaba, mwanangu." Daktari Ndekirwa alikuwa mzee wa Kipare mwenye nyusi nene na makoti mawili ya kitabibu, moja limechafuka siku zote. "Mheshimiwa Nuhu, umekuja na mlinzi wako?"

"Huyu dada yangu," Nuhu alisema kwa maringo. "Ana kijiko."

"Hilo ni jambo kubwa. Mimi sina."

Alicheka, lakini alipoziona nyufa za magotini kicheko kiliisha. Miezi miwili nyuma vijidudu vilipita kwenye nyufa zile vikaingia kwenye damu. Nuhu alilazwa siku tisa. Dawa tano zilishindwa, ya sita ikashika.

"Nitakwambia ukweli, Zawena," daktari alisema, akimvuta kando. "Vijidudu vikiingia tena, sijui kama tutamrudisha. Kwa hiyo leo ni leo."

Watoto wakaweka mikono yao kwenye kibao chenye joto, Tunu upande wa kulia, Nuhu kushoto, na Zawena akaweka wake katikati. Taa ikapita chini ya viganja kama mwanga wa chini ya mlango. Tunu alimfinyia Nuhu jicho.

Kisha Msomanasaba ikasema, kwa Kiswahili fasaha na kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye foleni:

"Samahani. Taarifa za familia hazilingani na nasaba. Binti huyu hakuzaliwa na mama huyu. Ombi limesitishwa kwa mwaka mmoja kwa sababu ya taarifa zisizo za kweli."

Tunu aliitazama mashine. Halafu akamtazama mama yake, akisubiri aikemee, kama wao wanavyolikemea shuka.

"Mama, iambie," alisema.

Zawena aliukodolea macho mkono wake juu ya kibao.

"Mama. Iambie inakosea!"

"Huyu ni mtoto wa nani?" daktari aliuliza kwa haraka, bila kufikiri, kwa sababu alikuwa akibonyeza vitufe kujaribu kuzuia ombi lisifungwe.

"Wa dada yangu," Zawena alisema. "Wa marehemu dada yangu."

Ombi lilifungwa. Kibao kikapoa chini ya mikono yao. Tunu aliutoa mkono wake taratibu, akaufuta kwenye gauni, mbele na nyuma, kana kwamba umeshika kitu.

*

Jioni ile Zawena alikuwa akikaanga vitunguu aliposikia sauti ya Tunu mlangoni.

"Mama mdogo, chumvi iko wapi?"

Hakuna mtu angeweza kumgombeza. Ndiyo heshima yenyewe. Dada mdogo wa mama yako ni mama mdogo, na mtoto mwenye adabu ndivyo amwitavyo. Tunu alilitamka vizuri, bila kejeli, kama mwanafunzi aliyesahihishwa. Na chumvi ilikuwa palepale ilipokaa miaka yote.

Usiku ule Tunu alihamishia godoro lake sebuleni.

Kwaru, kwaru. Shuka lilihesabu mpaka mia nne na sitini. Zawena alichukua kijiko kwenye jokofu, akakipitisha mgongoni kwa Nuhu, juu, chini, kwa duara.

"Hujui," Nuhu alilia. "Wewe hujui. Nataka Tunu."

"Tunu amelala, baba."

"Hajalala! Namsikia hajalala!"

Kweli hakuwa amelala. Ukutani kwa upande wa pili kulisikika pumzi ya mtu anayezuia kilio. Zawena akabaki kati ya kuta mbili, mtoto mmoja akimlilia mkononi na mwingine asiyetaka kuguswa, na kwa mara ya kwanza akaichukia elimu yake ya jioni. Aliyajua majina ya kila kitu kilichokuwa kikimla mwanawe, na kuyajua kote huko hakukupunguza hata mkuno mmoja. Baba yao, Mbaraka, alikuwa kwenye mitambo ya jua huko Manyoni mpaka mwisho wa mwezi. Zawena alipompigia simu na kumweleza, Mbaraka alisema, "Tulikubaliana tungemwambia akifika darasa la saba." Zawena akajibu, "Mashine haikuwepo kwenye makubaliano."

Siku ya tatu alimfuata Tunu kwenye paa la jengo lao, ambako alikuwa akianika nguo bila kuagizwa. Upepo mkavu wa Dodoma ulikuwa ukiyapiga mashuka.

"Anaitwa Saumu," Zawena alisema. "Mama yako. Alikuwa akinizidi miaka mitano, na alikuwa na sauti kubwa, anaita mtu wa mtaa wa pili bila kutumia simu. Mafuriko ya Handeni yaliwachukua yeye na baba yako. Wewe ulikuwa na miezi saba. Ulikuwa umelala kwangu usiku huo kwa sababu ulikuwa na mafua."

Tunu alibana kibanio kwenye shati la Nuhu.

"Nilikuwa na miaka ishirini. Sikuwa na maziwa, nikakupa ya kopo. Ukiwa unakunywa, ulikuwa unanishika kidole hiki. Siku ulipojua kusema, ukasema mama. Ningefanyaje? Ningekwambia umekosea?"

"Mashine ilikuuliza umezaa wangapi," Tunu alisema. "Mimi nilikuwepo. Ukasema una wawili."

"Ndiyo."

"Ulidanganya."

"Nilijibu swali lingine."

Tunu alifikiri. Upepo ukamfunika shuka usoni, akaliondoa kwa hasira.

"Kwa hiyo kwa sababu yangu Nuhu hatibiwi."

"Hapana. Ni kwa sababu yangu. Hilo usilibebe, mwanangu, si lako."

"Na huyo... Saumu. Alikuwa anajikuna?"

"Hakuwahi. Alikuwa na pumu, ile ya kifua. Alikuwa akicheka sana inamshika."

Tunu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kitu kidogo cha kutia mfukoni. Kisha akachukua beseni. "Asante kwa kuniambia, mama mdogo," akasema, akashuka ngazi.

*

Daktari Ndekirwa alipiga simu asubuhi ya siku ya sita. Usiku wa kuamkia siku hiyo Nuhu alikuwa amepata joto la homa. Halikuwa kubwa, lakini Zawena alikuwa ameshamvalisha viatu, tayari kukimbia.

"Mlete," daktari alisema. "Na umlete dada yake. Sikiliza, mwanangu. Mashine ilifunga faili, lakini mimi sijafunga macho. Nimekaa siku tano nikisoma jeni zao kwa mkono, herufi kwa herufi, kama tulivyokuwa tukisoma zamani. Ukuta wa Nuhu ni mzima. Ufa uko kwa mlinzi. Na unajua nimeuona wapi tena ufa huohuo?"

"Kwangu?"

"Kwako, ndiyo maana vumbi linakutesa pua. Na kwa Tunu."

"Tunu hajawahi kutoka hata kipele!"

"Ndiyo hapo sasa! Kutoka kwa bibi yao umepita kwa dada yako ukamfikia Tunu, umepita kwako ukamfikia Nuhu. Lakini Tunu ana sentensi nyingine, ya upande wa baba yake, inayomwambia yule mlinzi anyamaze. Mashine ilikuwa inatafuta ndugu asiye na ufa. Mimi nimepata mwenye ufa uleule na ngozi nzima. Kwa tatizo hili, dada wa tumbo moja asingetufaa hivi." Akavuta pumzi. "Nimeandika maelezo, nimesaini kwa jina langu, wamefungua faili. Limebaki jambo moja. Tunahitaji kipande cha ngozi ya paja lake, kama ukucha wa dole gumba. Kitaacha alama. Sheria inataka akubali mwenyewe, kwa kinywa chake, na wewe usiwe chumbani."

Zawena alikata simu. Tunu alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa shule begani. Kila neno lilikuwa limesikika.

Angeweza kupiga magoti. Alitaka kupiga magoti. Mtoto alikuwa akizidi kupata joto mikononi mwake, na neno moja la kuomba lilikuwa ulimini. Alilimeza.

"Ukikataa," alisema, "hakuna atakayekugombeza. Si mimi, si baba yako. Utarudi nyumbani na utakula kama kawaida."

"Ni chakula gani?" Tunu aliuliza.

"Nini?"

"Leo. Tunakula nini?"

"Sijui, Tunu. Wali."

"Haya," Tunu alisema, akaweka mkoba chini.

*

Daktari aliuacha mlango wazi kidogo, kwa makusudi au kwa kusahau. Zawena alikaa kwenye benchi la nje, Nuhu kifuani, akiuhisi moyo wa mtoto ukienda mbio kama wa ndege.

"Uhusiano wako na mgonjwa?" Msomanasaba iliuliza ndani.

"Nani, Nuhu?" ilikuwa sauti ya Tunu. "Tunalala chumba kimoja."

"Jibu hilo halipo kwenye orodha."

"Basi ongeza."

Daktari alikohoa, kikohozi kilichofanana sana na kicheko. "Nitaiandikia mimi," alisema. "Endelea."

"Je, unakubali kwa hiari yako kutoa kipande cha ngozi?"

Zawena alihesabu pumzi za Nuhu. Kumi. Kumi na tano. Kwenye ukuta wa mbele kulikuwa na picha ya mtoto mwenye ngozi nyororo akicheka, na akaiona ni picha ya ukatili mtupu.

"Akipona," Tunu alisema, "bado atanihitaji?"

"Swali halijaeleweka."

"Najua. Hujafundishwa." Kiti kikalia. "Nakubali. Lakini huyu babu ndiye akate, siyo wewe."

*

Joto lilishuka baada ya siku nne; dawa ya sita ilishika tena, kwa taabu. Viraka vilianza wiki iliyofuata, na Zawena akajua kwamba matumaini nayo yana maumivu yake. Kiraka cha kwanza mwili ulikikataa. Cha pili kikashika mgongoni lakini mikono ikawashwa maradufu. Shuka liliendelea kuhesabu: mia tatu, mia tatu na kumi, mia mbili na tisini, mia tatu tena. Tunu alirudisha godoro lake chumbani bila kusema lolote, na kijiko kikarudi kazini. Alama ya pajani ilipona ikawa duara dogo linalong'aa; Nuhu alipenda kuligusa na kusema, "Hapa ndipo nilipotokea." Na kila asubuhi Tunu alisema, kwa adabu ileile, "Shikamoo, mama mdogo." Zawena aliitikia marahaba, akageukia jiko.

Jumamosi moja mchana, wiki ya saba, alikuwa akichagua mchele. Jirani alikuwa akitwanga, redio ya mtu ilikuwa ikipiga kelele, roboti ya maji ilikuwa ikipanda ngazi kwa vishindo. Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Kuna kitu kilichokosekana. Alisikiliza, akakitafuta kati ya kelele zote zile, mpaka akakijua. Kutoka chumbani hakukuwa na sauti yoyote.

Siku za homa ya vijidudu pia hakukuwa na sauti. Siku zile mtoto alikuwa amelegea, hana hata nguvu ya kujikuna.

Ungo ulianguka, mchele ukatawanyika sakafuni. Alikimbia, akajigonga bega kwenye mlango, akaingia.

Shuka lilikuwa jeupe, limezima, halina hata uzi mmoja wenye mwanga. Nuhu alikuwa kifudifudi katikati yake, mkono mmoja umening'inia, viganja wazi. Tunu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kijiko kimelala mapajani mwake, juu ya lile duara. Zawena alinyoosha mkono kulipapasa paji la mtoto. Lilikuwa na ubaridi wa kawaida, ubaridi wa mtu mwenye afya. Mgongo ulipanda, ukashuka. Ukapanda.

Tunu alimshika mama yake kidole, kilekile, akamvuta nyuma ili asimwamshe.

"Mama, amelala."